Mama Hakuulizwa

Kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, mimi huwa Kileleshwa nikimfundisha msichana wa miaka 12 kuhusu miungu ya Wagiriki. Nalipwa shilingi 800 kwa saa. Msichana anasomea nyumbani, na kwenye ratiba yake kuna nafasi ya "hadithi za kale" ambayo yeye mwenyewe aliamua itakuwa Ugiriki, kwa sababu alikuwa amemaliza vitabu vya Percy Jackson na bado ana njaa. Rafiki aliyeniunganisha na hiyo kazi alimwambia mamake kwamba nilisomea fasihi chuo kikuu. Ni kweli, nilisomea. Hakuna aliyeuliza kama nilimaliza, na mimi sikujitolea kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Wiki za kwanza zilikuwa rahisi. Kila hadithi nilikuwa naifunga kwa sentensi moja. Prometheus: hii inaeleza binadamu alipata wapi moto. Arachne: hii inaeleza kwa nini buibui hufuma. Unasimulia dakika arobaini, halafu unatoa maana mfukoni kama risiti, mtoto anaandika, saa inaisha.

Halafu tukafika kwa Persephone. Nikamwambia kwamba Hades, mfalme wa kuzimu, alimpenda msichana anaitwa Persephone, akaja na gari la farasi, akamchukua. Mamake, Demeter, mungu wa nafaka, akahuzunika na mimea ikakauka dunia nzima. Mwishowe wakaelewana binti akae chini sehemu ya mwaka na kwa mamake sehemu iliyobaki. "Ndiyo maana kuna majira ya baridi," nikasema.

"Lakini huku hakuna majira ya baridi."

"Kuna Julai."

Hakucheka. Anti, anayefanya kazi katika ile nyumba na ambaye husikiliza masomo yetu kuliko mwanafunzi, alikuwa akituwekea chai. Akauliza, "Na huyo mamake aliulizwa, mwalimu?"

"Aliulizwa nini?"

"Kuhusu msichana kuolewa."

"Hapana."

"Na baba yake yuko wapi?"

Nikasema nitaangalia. Nilikuwa nimesahau, ama labda sikuwahi kuzingatia, kwamba babake ni Zeus.

Usiku huo nikautafuta utenzi wenyewe. Ni mmoja wa tenzi ambazo huitwa za Homer ingawa wataalamu hawaamini ni yeye aliyezitunga, una mistari karibu 500, na ulitufikia kupitia hati moja tu iliyopatikana Moscow mwaka 1777. Niliusoma kwa tafsiri, kwenye simu, nikiwa kitandani na chaja imening'inia. Baba anatajwa mwanzoni kabisa. Zeus ndiye aliyemtoa binti kwa Hades, ndugu yake mwenyewe. Hata ua ambalo Persephone alikuwa ananyoosha mkono kulichuma wakati ardhi ilipopasuka, lilikuwa limeoteshwa makusudi kama mtego, kwa mapenzi ya Zeus. Msichana alipopiga kelele alimwita babake. Na babake alikuwa ameketi mbali, hekaluni, akipokea sadaka za watu.

Demeter akasikia sauti, akatoka. Siku tisa anazunguka na mienge mikononi, hali, hanywi, haogi. Na katika hizo siku tisa hakuna mungu, hakuna binadamu, hakuna hata ndege wa kuagua, aliyetaka kumwambia ukweli.

Hapo niliweka simu chini.

Mathe wangu ni mkulima Trans Nzoia. Karo yangu ilitoka kwa mahindi. Yeye hahesabu semesta, anahesabu magunia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa sababu ambazo wakati ule zilionekana kubwa na ambazo leo nikizieleza zinachukua dakika mbili. Nilimwambia baba. Baba akasema tumpe mamako muda, unajua presha yake. Ndugu zangu wakajua. Shangazi akajua. Nafikiri hata jamaa wa boda anayembeba mathe sokoni alijua. Na mathe akaendelea kuuza mahindi na kunitumia karo kwa M-Pesa, na mimi nikaendelea kuipokea. Mara tatu. Nililipa kodi ya nyumba. Mara ya tatu alinipigia kuuliza kama imefika, na kama chakula cha hapo shuleni kimekuwa afadhali. Nikamwambia kimekuwa afadhali.

Mwishowe ni Helios, jua, aliyemwambia Demeter ukweli, kwa kuwa yeye huona kila kitu kutoka juu. Lakini msikie anavyomalizia: usilie sana, bwana mwenyewe si mbaya, ni ndugu yako wa damu, ana sehemu yake ya tatu ya ulimwengu. Huyu Helios mimi nimekutana naye kwenye vikao vya mahari. Kila ukoo uko naye, na huwa amekaa karibu na soda.

Alhamisi nikarudi na hadithi nzima. Nikamwambia mwanafunzi kwamba Demeter alitoka Olympus kwa hasira, akajigeuza mwanamke mzee, akaketi kando ya kisima huko Eleusis, karibu na Athens, mpaka mabinti wa nyumba moja kubwa wakaja kuteka maji wakamchukua kwao. Akapewa kazi ya kulea mtoto mchanga.

Anti akaweka kitambaa chini. "Mungu akaandikwa kazi ya nyumba?"

"Ndiyo."

"Walimpa chakula?"

Walimpa divai, akaikataa. Akaomba maji yaliyochanganywa na unga wa shayiri na mnanaa.

"Huo ni uji," anti akasema, akaketi kabisa.

Nikaendelea. Demeter akampenda yule mtoto. Mchana alimpaka ambrosia, marashi ya miungu, na usiku, kwa siri, alimlaza ndani ya moto kama kijinga cha kuni, ili auchome umauti wake na asife milele. Usiku mmoja mama wa mtoto, Metaneira, akachungulia, akaona, akapiga mayowe. Demeter akamtoa mtoto motoni akamtupa chini, akamwambia mama yule kwamba ujinga wake umemnyima mwanawe uzima wa milele.

Mwanafunzi alikuwa upande wa Demeter. Alikuwa anamsaidia, akasema.

"Angemwambia mwenye mtoto," anti akasema. "Si yeye mwenyewe analia hakuambiwa?"

Nimesoma makala kadhaa za wasomi kuhusu huo moto. Wengi wanasema ni ibada ya kupita, wengine wanasema ni Demeter kujaribu kumnyang'anya Hades mtu mmoja. Sawa. Lakini jibu la anti ndilo lililokaa kichwani kwangu mpaka kwa matatu. Mtu aliyetendewa jambo bila kuulizwa akaenda nyumba ya watu akamtendea mama mwingine jambo lile lile, kwa upendo, akiamini anafanya vizuri. Kila mtu aliyemficha mathe alikuwa anampenda. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yetu.

Wiki iliyofuata mama wa mwanafunzi aliniita kando. Alikuwa mpole. Akasema hii mambo ya msichana kutekwa ni nzito kwa mtoto, si nimpe tu toleo la watoto. Nisimcheke, maana ana watu wazito upande wake. Xenophanes, karne ya sita kabla ya Kristo, alilalamika kwamba Homer na Hesiod wamewavika miungu kila aibu ya binadamu, wizi, uzinzi, udanganyifu. Baadaye Plato akataka hadithi kama hizo zisisimuliwe katika dola yake bora. Wengine wakijitetea kwamba zina maana ya ndani, jibu lake lilikuwa kwamba mtoto hawezi kutofautisha maana ya ndani na ya nje, na anachomeza utotoni hakitoki. Hapo Plato ana pointi. Mimi mwenyewe nilimeza mengi.

Shida ni kwamba "toleo la watoto" ni ile risiti yangu ya kwanza: majira ya baridi. Na risiti yenyewe ina walakini. Kule Ugiriki nafaka hupandwa vuli, hukua kijani wakati wa baridi, huvunwa kabla ya kiangazi kikali. Kinachoua shamba ni jua la kiangazi. Ndiyo maana kuna wasomi wanaosema msichana huenda chini wakati wa joto, mbegu zinapohifadhiwa ghalani, na wengine wanawapinga kwa sababu utenzi wenyewe unamrudisha na maua. Wamebishana miaka. Na wakati wote wakibishana kuhusu hali ya hewa, hakuna anayemuuliza Zeus kitu.

Nikamjibu mama wa mtoto kwamba nitalainisha lugha lakini baba sitamtoa. Akafikiria. Akasema sawa, tuone.

Jioni hiyo nilimpigia mathe. Nilijiambia ni kwa ajili ya somo. Nikamuuliza, mbegu ya mahindi ikiwa chini, hukaa siku ngapi kabla mtu aanze kuwa na wasiwasi?

"Wiki. Siku kumi kama kuna baridi. Ikizidi hapo unafukua uone." Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni ya shule?"

"Hapana, mama. Sijakuwa shule tangu mwaka juzi."

Nilisikia kuku nyuma yake. Nikasikia mlango.

"Na ile pesa?"

Nikamwambia.

"Babako anajua?"

"Anajua."

Hakupaza sauti. Aliuliza nani mwingine, nikawataja mmoja mmoja, na kila jina alisema "eeh," kama mtu anayehesabu magunia yakipakiwa. Kisha akakata.

Siku ya nne baba alipiga. Mathe ameenda kwa dadake Kimilili, hashiki simu. Baba anajipikia. Mvua inakaribia na mbegu ni yeye anajua aliziweka wapi. "Ongea na mamako," akaniambia, na ndiyo mara ya kwanza maishani nimesikia baba akiomba kitu. Shangazi ametumwa Kimilili akarudi. Ndugu yangu mkubwa ameenda na unga na sukari, akarudi nazo.

Mimi nimemtumia mathe shilingi 3,000, malipo yangu ya karibu saa nne. Hajazirudisha. Hajasema asante pia.

Jumanne tulifika pale Demeter anapoficha mbegu ardhini na njaa inaingia. Nikasoma jinsi Zeus anavyoshtuka, si kwa kuona watu wanakufa, ila kwa sababu sadaka za miungu zitaisha. Anamtuma Iris. Iris anarudi mikono mitupu. Anawatuma miungu wengine, mmoja baada ya mwingine, na zawadi nzuri na heshima yoyote atakayochagua.

"Anakubali?" mwanafunzi akauliza.

Simu yangu ilikuwa mezani, kioo juu. Nikaigeuza.

"Asikubali," anti akasema kutoka jikoni. "Amwone msichana kwanza."