Upande wa Pili

Baba alikuwa na santuri arobaini hivi, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuzipangusa vumbi. Jumapili jioni alizichomoa moja moja kwenye bahasha zake, akazishika kando kwa viganja, akateremsha sindano polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Nyimbo nyingi za rumba na benga zilizotolewa Nairobi miaka ya 1970 hazikutosha upande mmoja, kwa hivyo zilikatwa katikati. Utamu ukikolea tu, kimya. Baba anainuka, anageuza.

Baadaye ikaja redio ya kaseti. Hapo hakuna kuinuka ovyo: nusu saa nzima upande mmoja, na utepe ukijikunja unaurudisha kwa kalamu ya Bic. Santuri zikapanda juu ya kabati.

Baba alipofariki, nilimpelekea Mama spika ndogo ya kuchomekwa flashi. Magoti yanamsumbua, na humo nilikuwa nimetia nyimbo 300. Nikajiona mwana mwema. Akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa huyu wa besi mmemfukuza?"

Nikaanza kumweleza mambo ya MP3: kwamba ile ya kilobiti 128 kwa sekunde hubeba chini ya sehemu moja ya kumi ya data ya CD, maana hutupa sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzinasa. Mama akanitazama tu. Na kumbe nilikuwa nimekosea. Nilipounganisha simu kwa waya na amplifaya ya Baba na spika zake kubwa, nyimbo zile zile, besi ilirudi ikatikisa vikombe. Kosa lilikuwa la kile kispika: ni kidogo mno, hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito.

Nikadhani tumemaliza.

"Ni vizuri," Mama akasema. "Lakini mbona hausimami?"

"Nini?"

"Wimbo. Baba yako akienda kugeuza, ndiyo ananiuliza kama chai ipo, ama ng'ombe amekamuliwa. Si hapo ndipo tulikuwa tunaongea?"

Sikuwa na la kujibu.

Sitadanganya kwamba santuri zile zinalia vizuri kuliko simu. Zimekwaruzika, zinachacharika kama mafuta kwenye karai. Siku za wiki Mama hutumia kispika chake, na ni haki yake. Kuinuka kila baada ya dakika chache kwa magoti yale ni adhabu. Lakini nikienda nyumbani mwisho wa mwezi, nazishusha. Upande wa kwanza ukiisha, nainuka mimi.

"Shika kando," Mama ananiambia, kama Baba. Halafu ananiuliza habari za kazi, na kama nakula vizuri huko Nairobi. Nami siharakishi kuteremsha sindano.