Timu Zilizopita Singida

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa basi huifikia Singida akiwa amechoka. Nyuma yake ameacha Morogoro, Dodoma na Manyoni, safari ya karibu kilomita 700. Kisha kandokando ya barabara huanza kuonekana mawe makubwa yaliyopandana, mengine kama nyumba, mengine yameegemeana kama wazee wanaonong'onezana. Sisi watu wa mijini twaujua mkoa huu zaidi kwa yale yanayotufikia jikoni: kuku wa kienyeji, vitunguu, asali na mafuta ya alizeti. Basi husimama, abiria hununua chochote, kisha safari ya Mwanza huendelea. Ni wachache wanaoteremka na mizigo yao.

Mimi niliteremka. Nilitaka kuuona uwanja wa mpira.

Mji wa Singida una maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya chumvi, na upepo huvuma juu yake bila kizuizi, ukipenya katikati ya mawe hadi mitaani. Uwanja nao umo mumo humo mjini. Ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, na kwa miaka mingi uliitwa Namfua. Baadaye ulipewa jina la Liti, mwanamke ambaye masimulizi ya Wanyaturu husema aliwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuwarushia nyuki badala ya risasi.

Karibu na lango nilimkuta mzee mmoja amekaa kivulini. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama mpira? Leo hakuna mchezo."

Nikamwambia kuwa nimekuja kuutazama uwanja wenyewe, na kuuliza habari za timu yao. Akacheka kidogo.

"Hapa Singida, mwanangu, ukisema timu yetu, lazima kwanza uulizwe: ipi?"

Swali la mzee huyo si la mzaha. Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu, na mji mzima ukainua kichwa. Mlezi wake alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, na wadhamini hawakukosekana. Akaletwa kocha Mholanzi, Hans van der Pluijm, aliyekwisha kuifundisha Yanga. Wakaja wachezaji kutoka Zimbabwe na Rwanda. Uwanja ulikuwa bado katika matengenezo, kwa hiyo timu ikaanza kwa kucheza mechi zake za nyumbani Dodoma. Novemba mwaka huo Yanga ilifika Namfua, nao wakatoka sare bila kufungana. Watu waliozoea kuisikia Yanga redioni tu, siku hiyo waliiona kwa macho ikihangaika mbele yao.

Msimu huo Singida United ilimaliza katika nafasi ya tano. Juni 2, 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Pengo la bao moja tu! Lakini kilele hicho ndicho kilichokuwa mwanzo wa mteremko. Pluijm akahamia Azam. Tafadzwa Kutinyu, kiungo Mzimbabwe, naye akaenda huko huko. Miaka miwili tu baada ya fainali ile, msimu wa 2019/20, timu ikashika mkia na kushuka daraja.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2022 timu ya DTB, iliyokuwa ya benki, ilipanda Ligi Kuu, ikahamia Singida na kujiita Singida Big Stars. Pluijm akarudi kuifundisha. Ikamaliza ya nne, na Januari 2023 ikafika fainali ya Kombe la Mapinduzi, ikashindwa na Mlandege. Mwaka huo huo jina likabadilishwa tena, ikawa Singida Fountain Gate. Katika mashindano ya Afrika iliitoa JKU ya Zanzibar kabla ya kutolewa na Future ya Misri. Mwaka 2024 ikaliacha jina la Singida, ikahamia Babati mkoani Manyara.

Mahali pake pakachukuliwa na Ihefu, timu iliyoota mizizi Mbarali, mkoani Mbeya. Nayo ikawa Singida Black Stars, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2-1. Singida ikashangilia, na ilikuwa haki yake kushangilia. Lakini huko Mbarali nako kulikuwa na watoto waliokuwa wakiimba jina la Ihefu. Je, wao waliambiwa nini?

Ndugu msomaji, fedha ya mtu binafsi si dhambi katika michezo. Bila hiyo, Namfua isingeiona siku ile ya Yanga. Lakini fedha hiyo ina miguu. Inaweza kuleta kocha, wachezaji na hata jina, na siku ikichoka inaweza kuondoka navyo vyote. Kisichoweza kuondoka ni uwanja, na watoto wanaozaliwa karibu nao.

Nilimwuliza mzee kama amekata tamaa. Akanionyesha mashamba kwa mkono.

"Tazama alizeti. Ua likiwa changa hulifuata jua, asubuhi huku, jioni kule. Likishakomaa halizungukizunguki tena; husimama limeelekea mashariki, likajaza mbegu. Sisi timu zetu zote zimekuwa changa."

Nilipotoka, vijana kama kumi walikuwa wakicheza kwenye kiwanja cha vumbi, miguu mitupu, goli la mawe mawili. Mmoja alivaa fulana iliyochujuka hata maandishi hayasomeki. Sikuweza kujua ni ya timu ipi kati ya zote zilizopita. Nikasimama nikawatazama hadi kondakta aliponiita. Hakuna aliyewalipa, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kuhama.