Bunduki ya Moshi

Huenda mkastaajabu kumwona mwalimu wa shule ya misheni akiandika habari za bunduki. Mimi sijapata kumiliki silaha, wala sina nia hiyo. Lakini jambo lililonipata Marekani mwaka 2019 limekaa moyoni mwangu tangu siku ile, nami naona vema kulieleza.

Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa jimbo la Wisconsin, nami nilitumwa kuwatembelea wenzetu kwa muda wa majuma sita. Mzee aliyenikaribisha nyumbani mwake alikuwa mkusanyaji wa bunduki za kale za vita. Sheria ya nchi ile ya mwaka 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 kuwa kitu cha kale, wala haibanwi kama silaha za siku hizi. Kwa hiyo wako watu wazizungukiao sokoni kama wengine wazungukiavyo stempu na sarafu.

Jioni moja, baada ya chakula, nikamwambia ya kuwa baba yake bibi yangu alikuwa askari wa Wadachi, akapigana Tanga mwezi wa Novemba 1914. Bibi alizoea kutusimulia maneno ya baba yake: kwamba bunduki yao ilikuwa “bunduki ya moshi”, ukifyatua mara moja, adui haulizi uko wapi. Mzee akainuka pale pale, akaleta kitabu cha picha. “Mwalimu,” akasema, “babu yenu alibeba hii.” Ilikuwa Mauser ya mfano wa mwaka 1871: haina nafasi ya akiba ya risasi, hutiwa moja moja, risasi yenyewe ni ya milimita 11, na baruti ni nyeusi, yenye moshi mzito. Uzito wake hukaribia kilo nne na nusu. Katika Ujerumani kwenyewe ilikwisha kuachwa zamani, lakini mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Afrika ya Mashariki zilikuwa nayo bado. Hata meli iitwayo Rubens ilipofika ghuba ya Manza mwezi wa Aprili 1915 na kuleta bunduki mpya, hazikutosha wote.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwenye maonyesho ya wauzaji wa silaha za kale. Ukumbi ulijaa meza. Tukafika kwa muuzaji mmoja aliyekuwa na Mauser ya 1871, na kwenye kitako cha mti zimechorwa herufi D.O.A., yaani Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Akatuambia ilitoka mkononi mwa askari mweusi siku Wadachi walipotoa silaha zao mwaka 1918. Bei yake, dola 2,400. Mzee wangu akaninong'oneza kwamba bila hadithi ile haizidi dola 800.

Nakiri moyo wangu ulidunda. Nikaishika bunduki ile kama mtu ashikavyo mkono wa jamaa aliyepotea.

Muuzaji alipopata habari za ukoo wangu, uso wake ukabadilika. Akasema, kama nikiandika barua fupi ya kushuhudia kwamba bunduki ya namna hii, yenye alama hizi, ilichukuliwa na wazee wetu, atampunguzia Mzee dola 600. Barua itakaa pamoja na bunduki daima. Mzee hakusema neno. Lakini nilimwona jinsi alivyoitazama, nami nilikuwa nimekula chumvi yake kwa majuma matatu.

Nikaomba kwanza tuikague, naye Mzee akanifundisha huku akifanya. Jambo la kwanza alifungua komeo, akatazama kama hamna risasi. Hili hafanyi mzaha nalo hata kwa bunduki ya miaka mia. Kisha akaelekeza mtutu kwenye taa, akanipa nichungulie ndani: mifuo iliyosokotwa ilionekana, ingawa imeliwa na kutu hapa na pale. Akatazama vichwa vya misumari ya parafujo, maana vikiwa vimechubuka, mkono usio na ujuzi umekwisha kupita. Chuma hakikusuguliwa kwa msasa, naye akafurahi; wako watu wanaong'arisha bunduki ya kale hata ikapoteza nusu ya thamani yake, wakidhani wameipamba. Halafu nambari. Mtutu una nambari kamili, na vyombo vidogo hupigwa tarakimu za mwisho za nambari ile ile. Hapa zilipatana zote isipokuwa komeo, ambalo lilikuwa la bunduki nyingine. Ubavuni palisomeka I.G.Mod.71, na juu yake Spandau 1877, yaani karakana ya serikali karibu na Berlin.

Kisha tukafika kwenye zile herufi. Nikaomba kioo cha kukuzia. Kitako kilikuwa na kovu refu la kale, limejaa taka nyeusi na mafuta ya mikono. Herufi D ilikatiza juu ya kovu hilo, na ndani yake mti ulikuwa mweupe, kingo kali. Nikampa Mzee kioo. Akatazama kitambo kirefu.

Jambo la pili nililijua mwenyewe, kwa kuwa nafundisha historia. Wadachi walitoa silaha zao Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia leo, tarehe 25 Novemba 1918. Jemadari wao, von Lettow-Vorbeck, ameandika hesabu ya vitu vilivyotolewa: bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Ndizo walizoteka njiani, maana za kwao zilikuwa zimekwisha. Tena Mauser za mfano huu zilitawanyika duniani. Mwezi wa Julai 1914 mamia ya hizo zilishushwa Howth, katika Ireland. Kuiona moja Wisconsin si ushahidi wa Tanga.

Nikamwambia muuzaji kwa upole ya kuwa siwezi kuandika. Akajibu kwamba yeye mwenyewe aliinunua na herufi zake, na pengine ni kweli. Lakini akanitazama kama mtu aliyemnyima haki yake, na nikaona haya, ingawa sikujua haya hiyo ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu mimi pia nilitaka iwe kweli, kuliko wao wote wawili.

Mzee akazunguka meza nyingine kwa muda wa saa nzima, akarudi, akatoa dola 750. Wakapatana kwa 800.

Usiku ule akaiweka juu ya meza ya chakula, akanipa kadi ndogo na kalamu. “Andika sasa,” akasema, “barua yako.” Nikaandika: Mauser, mfano wa 1871. Spandau, 1877. Komeo si lake. Herufi za kitako zilichorwa baadaye. Akaisoma mara mbili, akaifunga kwa uzi kwenye mtambo.