Siku Moja Mombasa, Wawili Tu

Mkaaji wa Dodoma akiaga kwamba anakwenda pwani, majirani huelewa Dar es Salaam, au Tanga kama ana ndugu huko. Tulipowaambia akina mama wenzetu kwamba tunakwenda Mombasa, tena bila mkutano, bila harusi, bila mgonjwa wa kumwona, walituuliza zaidi ya mara moja: "Mnakwenda kufanya nini huko?" Tukajibu kwamba tunakwenda kutembea. Jibu hilo halikumridhisha mtu.

Katika miaka 24 ya ndoa tumesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila safari ilikuwa na shughuli yake, na mara nyingi shughuli yenyewe ilikuwa msiba. Mwaka huu mtoto wetu wa mwisho amefikia umri wa kujipikia. Bibi yake akakubali kulala nyumbani. Tukapitia Morogoro, Chalinze na Tanga, tukavuka mpaka Horohoro. Anayetaka kutufuata asisahau pasi yake na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ajue kwamba shilingi moja ya Kenya inakaribia 20 za kwetu. Usiposhika hesabu hiyo utaona kila kitu ni bei ya bure, mpaka mkoba ukuambie vinginevyo.

Atokaye kusini huingia kisiwani kwa kivuko cha Likoni, na mwenye miguu halipi kitu. Tulisimama katikati ya wachuuzi, baiskeli na wanafunzi, tukiyatazama maji. Kwetu Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mvua ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na maji huhesabiwa kwa ndoo. Kuona maji mengi hivyo, na hakuna hata mmoja wa kuyachota!

Asubuhi ya siku yetu tulianza kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mgogo huunga mboga kwa karanga. Mombasa kila chungu kina nazi. Tulikula polepole mpaka mwenye mgahawa akaja kuuliza kama kuna tatizo. Hapakuwa na tatizo. Tulikuwa hatuna pa kuwahi, na jambo hilo lilituchukua muda kulizoea.

Tulitembea kwa miguu hadi Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596. Kuta zake ni nene, na upepo wa bahari hupanda mpaka juu penye mizinga. Tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waarabu wa Omani waliizingira. Waliokuwa ndani walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Ilifika wakati katika mwaka 1697 walinzi wa ngome walikuwa shehe mmoja wa Faza na jamaa zake, wanaume wachache wa Kiafrika, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Vitabu vya shule tulivyosomea havikututajia wanawake hao. Nao walikuwa miongoni mwa walioilinda ngome. Baadaye Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza hadi miaka ya 1950, na leo ni makumbusho. Tulikaa kivulini karibu saa nzima.

Kutoka hapo vichochoro vya Mji wa Kale vina milango ya kuchongwa na roshani za mbao. Hatukuvimaliza, maana miguu ilikuwa inaelekea mtaa wa Biashara. Hapo palitokea kichekesho. Muuza duka alituita, "Karibu mama, leso mpya zimeingia!" Baba watoto akasema leso anayo mfukoni, akaitoa. Duka zima likacheka. Mombasa leso ni kanga. Leso yetu ya kufutia jasho wao huiita hanchifu. Mtaa huo ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zenye maandishi ya "Mali ya Abdulla" zimevaliwa na bibi zetu hata huku bara. Tulichagua doti tatu: moja ya bibi aliyelala na watoto, moja ya binti, moja yetu. Kuchagua maneno kulitushinda kwa muda, maana kanga nyingi za pale zinasemana na jirani, na sisi na jirani zetu tunapatana.

Mchana tulipanda tuktuk, yaani bajaji, tukavuka daraja la Nyali kwenda bara. Watu hupaita Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikianzisha miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Kengele ilipigwa kuwaonya watu wateka watumwa wanapokaribia. Jambo hili linatugusa sisi wa Ugogo. Misafara ya pembe na watumwa ilikatiza nchi yetu ikielekea pwani, na wazee wetu waliitoza hongo kwa njia na maji. Majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Waingereza yalibeba watu wa bara kama sisi. CMS hao hao walifika Mpwapwa mwaka 1876.

Upande huo wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa, liko pia kaburi la Rosine Krapf. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alifika naye Mombasa mwaka 1844. Wengi wanamjua mume kwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882, baada ya kifo chake, na kwa kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka ule ule wa 1844. Mke hatajwi sana. Walipokuwa Ethiopia alijifungua njiani, nyikani, na mtoto hakuishi. Baba alimwita Eneba, maana yake chozi. Julai 1844, Mombasa, Rosine alijifungua binti mwingine. Siku chache baadaye mama akafa kwa homa, na mtoto akamfuata. Mume mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani.

Tulisimama hapo bila kusema. Sisi wa tatu wetu tulimzika akiwa na siku nne, mwaka wa ukame, na tulirudi shambani wiki ile ile kwa sababu mtama ulikuwa hausubiri. Watu walitwambia tusimtaje, tutapata mwingine. Tukapata, na hatukumtaja. Pale Nyali mmoja wetu alisema jina lake kwa sauti. Mwingine akaitikia kwamba mwaka huu angekuwa na miaka 17. Tukaketi chini, tukazungumza habari zake mpaka kivuli kikahama: nywele zake nyingi, vidole vyake, nani alimbeba kwanza. Kumbe kila mmoja alikuwa ameweka kitu ambacho mwenzake hakukijua. Baba yake ndiye aliyekuwa ameificha ile kofia ya sufi. Bado anayo.

Jioni tulikwenda Mama Ngina, ufukweni, ambako meli hupita karibu kabisa zikiingia Kilindini. Familia nyingi huja hapo na watoto kula muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Kuna mibuyu mikubwa, na mbele yake tulijisikia nyumbani. Kwetu ubuyu huliwa mweupe vivi hivi. Wao huupika kwa sukari na kuupaka rangi nyekundu, wakauita mabuyu. Tulinunua pakiti sita za watoto. Muuzaji aliposikia tumetoka Dodoma aliuliza kama ni mbali. Tukamwambia ni siku mbili kwa basi. Akaongeza pakiti ya saba, akasema hiyo ni ya kula njiani, tusiwapelekee watoto.

Tuliifungua pale pale, kabla meli iliyokuwa inaingia haijapita.