Majina Mawili Yaliyofika Karema

Ndugu msomaji, je, wajua jina lako lilitoka wapi? Sisemi jina la ubatizo, maana hilo twajua ni la mtakatifu. Nauliza lile jina la mwisho, ambalo watoto wako hulitaja shuleni wanapoitwa mmoja mmoja. Ni nani aliyeitwa hivyo kwanza? Alikaa wapi? Na kwa nini alihama?

Mimi nilisomea ualimu chuoni, lakini kazi yangu ni ukarani wa parokia, yaani kutunza madaftari: la ubatizo, la ndoa na la marehemu. Mtu anayeandika majina ya watu siku zote huona mambo. Hapa kwetu Sibwesa, na katika vijiji vingi vya wilaya hii ya Tanganyika, nimeona ya kuwa watu hukumbuka mipaka ya shamba la babu kuliko jina la baba yake huyo babu. Kwa hiyo leo napenda kuwasimulieni habari za majina mawili yaliyotoka mbali sana yakafika Karema, kando ya ziwa letu. Moja lilikuja na askari Mfaransa. La pili lilikuja na Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto.

Jina la kwanza ni Joubert. Wafaransa hulitamka bila kusikika ile t ya mwisho. Asili yake ni jina la zamani mno la makabila ya Kijerumani, lenye sehemu mbili: Gaut, jina la watu wa kale, na berht, maana yake kung’aa. Hapo kale lilikuwa jina la mtu mmoja mmoja tu. Baadaye watu wa Ulaya walipozidi kuwa wengi, watoto walianza kubaki na jina la baba yao, na wajukuu vivyo hivyo, hata likawa la ukoo mzima. Waayalandi nao walifanya hivyo: kwao Mac ni mwana wa fulani, na ile O iliyo mbele ya majina yao ni mjukuu wa fulani. Si mbali na bin yetu.

Mwaka 1539 mfalme wa Ufaransa aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo. Amri ile iliwafaa wakulima kama wakubwa, kwa kuwa jina likisha kuandikwa si rahisi kupotea.

Joubert wetu, jina lake Léopold Louis, alizaliwa mwaka 1842 huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa. Alikuwa askari wa Baba Mtakatifu kule Italia, na mwaka 1880 akaja Afrika kuwalinda wamisionari wa Kardinali Lavigerie, wale walioitwa Mapadre Weupe. Ngome ya Karema ilikuwa imejengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nayo mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa mapadre. Kapteni Joubert alikaa Karema, kisha mwaka 1887 akavuka ziwa kwenda Mpala, katika nchi ambayo leo ni Kongo, akawakinga watu na wateka watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnesi Atakaye, mwanamke wa huko huko. Hakurudi kwao kukaa. Alifariki mwaka 1927, akiwa mzee, na wawili katika wanawe wakawa mapadre. Ndivyo jina la kijiji cha Ufaransa lilivyokuwa jina la familia ya Kiafrika, ng’ambo ya ziwa letu.

Lakini angalia jambo hili. Ukienda Afrika ya Kusini utawakuta kina Joubert wengi sana. Je, ni ndugu za Kapteni wetu? La. Hao wametokana na Pierre Joubert, Mprotestanti wa kusini ya Ufaransa, aliyekimbia nchi yake kwa sababu ya dini akafika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688. Jenerali Piet Joubert, mkuu wa majeshi ya Makaburu, alikuwa wa ukoo huo. Basi jina moja lilifika Afrika kwa njia mbili, kwa watu wawili, na kwa sababu mbili mbalimbali, miaka karibu mia mbili katikati. Jina peke yake halitoshi kumtambulisha ndugu. Yafaa kuijua na njia yake.

Jina la pili ni Atiman. Wazee wa Karema hawahitaji kuambiwa. Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara hata Algeria, akauzwa. Wamisionari walimkomboa, wakampa elimu, naye akabatizwa Adrien. Kisha alipelekwa kisiwa cha Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema akiwa tabibu na katekista. Alioa binti wa mtemi wa Kibende, Agnesi Wansahira, na mtoto wao Yosefu akawa padre. Alitibu watu wa pande hizi miaka 67, hata alipofariki mwaka 1956. Kaburi lake liko Karema.

Fikiri, msomaji. Mtoto yule alinyang’anywa wazazi, kijiji, lugha na jua la kwao. Hakuna daftari lililomwandika alipozaliwa. Tena nchi aliyofia iko mbali sana na kwao. Hata hivyo twajua alikotoka, na hata njia aliyopita twaijua. Kwa nini? Kwa sababu alikumbuka, akasimulia, na yakaandikwa. Habari za maisha yake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kinywa chake kilifanya kazi ya daftari.

Sasa kumbuka watoto wengine waliokombolewa wakati ule wakalelewa Karema. Wengine walitoka Kongo, wengine hawakujua walikotoka. Walipewa majina ya watakatifu, wakaoana, wakazaa. Wajukuu wao wamo katikati yetu leo, na wengi hawana la kusema zaidi ya kwamba ‘babu aliletwa’. Huo ndio umaskini ambao mavuno mema hayauondoi.

Wala haya si mambo ya kale tu. Majirani zetu wa Mishamo walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na katika mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo nchini walipewa uraia wa Tanzania. Kwa desturi ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Wazee wao wakiisha, nani atawaambia vijana kilima walichotoka?

Nasi wengine tuna desturi ya majina matatu: langu, la baba, la babu. Desturi hii ni nzuri, lakini ina tundu, kwa sababu kila kizazi jina la tatu hubadilika. Hapa nitawaambieni jambo lililotokea, bila kutaja watu. Kijana na binti walikuja kuandikisha ndoa. Majina yao ya mwisho hayakufanana. Tangazo la kwanza lilipokwisha kusomwa, bibi mmoja alikuja ofisini akauliza maswali. Tulifungua madaftari ya zamani, tukamkuta babu wa kijana na babu wa binti, wote wana wa baba mmoja na mama mmoja. Upande mmoja ulikuwa umeshika jina la ubatizo la babu, upande wa pili ukashika jina la ukoo.

Sheria ya Kanisa haikuwazuia, maana hukataza hata kufikia watoto wa ndugu wawili, na hawa walikuwa wajukuu. Lakini kwa mila ya kwao walikuwa kaka na dada. Mahari ilikuwa imekwisha kupokewa. Wazee walikaa siku tatu, ndoa ikavunjika kabla ya kufungwa, na yule binti alihama kijiji kwa aibu isiyokuwa yake. Hakukosa yeye wala kijana. Jina lilipotelewa na njia, nao ndio waliolipa.

Basi, akina baba na akina mama, nawasihi mfanye jambo moja lisilo na gharama. Nunueni daftari la shule. Jioni moja, mkiisha kula, mketisheni mzee wa nyumba, na mtoto anayejua kuandika aandike. Andikeni jina la ukoo, na maana yake kama inajulikana. Andikeni majina ya babu na bibi, wa kuumeni na wa kukeni, kurudi nyuma kadiri mzee anavyokumbuka. Andikeni walikotoka, walipita wapi, walivuka ziwa au mto gani, na sababu ya kuhama: njaa, vita, ndoa, uvuvi, au utumwa. Msione haya kuandika utumwa. Atiman hakuona haya, na jina lake leo laheshimiwa.

Tena mjapo kumwandikisha mtoto, mkubaliane kwanza nyumbani juu ya jina litakalobaki, na liandikwe namna moja katika cheti cha ubatizo, cha kuzaliwa na cha shule. Herufi moja ikibadilika leo, kesho mtoto atahangaika kuthibitisha kuwa yeye ni yeye.

Mzee wenu akiwa bado yu hai, msingoje Jumapili ijayo. Anzeni jioni ya leo.