Mapendo Katika Muji Uliowaka Moto

Ndugu musomaji, na wewe kijana unayeimba nyimbo za filme za Kihindi: wengi wanashika muziki, habari wanaiacha. Filme "Bombay" ilitoka mwaka 1995 katika luga ya Kitamil. Mani Ratnam aliitengeneza, A. R. Rahman alitunga muziki, na watu waliupenda sana.

Sasa sikia habari yenyewe. Shekhar ni Muhindu, Shaila Banu ni binti wa Muislamu. Baba wote wawili wanakataa kabisa. Vijana wanakimbilia Bombay, wanaoana, wanazaa mapacha. Lakini tarehe 6 Desemba 1992 musikiti wa Ayodhya ulibomolewa, na fujo ikafika Bombay mpaka Januari 1993. Katika filme, watoto wale wanamwagiwa petroli na kuulizwa: ninyi wa dini gani? Watajibu nini? Wao ni wa baba, ni wa mama vilevile.

Tusicheke Wahindi. Miaka ile ile, kwetu Likasi na Kolwezi, wandugu wa Kasai walifukuzwa, wakalala kwenye gare pamoja na watoto. Na wale waliozaliwa na baba wa huku na mama wa kule, walikuwa wa upande gani?

Sisemi muoe inje ya imani, hapana. Lakini katika kanisa moja, ubatizo mumoja, muzazi anakataa muchumba juu ya kabila tu! Ruta alikuwa Mumoabu. Boazi alimuoa, na Daudi alitoka katika uzao wao.

Baba, mama, mutoto akileta muchumba, uliza kwanza kama anamujua Yesu. Kijiji chake utakiuliza nyuma.