Kuchacha si Kuoza

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisahihisha insha za wanafunzi wa sekondari, nikilipigia mstari mwekundu kila neno lililowekwa pasipo pake. Sikudhani kwamba neno langu mwenyewe lingekuja kuniulia vifaranga tisa.

Hapa Naipingo, wilayani Nachingwea, kuku wa kienyeji hula wanachokichakura, pamoja na pumba za mahindi na chenga za mtama. Mimi huwachachulia chakula hicho. Hutia pumba na chenga katika ndoo ya plastiki, nikamimina maji safi hata yakazidi kwa vidole viwili, nikafunika kwa kitambaa na kuiweka kivulini. Hukoroga asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu mapovu hupanda, na harufu huwa ile ya togwa: kali kidogo, lakini safi. Ni kazi ya bakteria watoao asidi ya laktiki, jamaa za wale wanaogandisha mtindi.

Masika moja nilisafiri kwenda Lindi. Nikamwagiza mjukuu wangu: "Pumba zikichacha, wape kuku." Mtoto akakuta ghalani mfuko uliovujiwa na mvua, pumba zimeshikana mabonge, zina ukungu wa kijani na zinavunda. Akawapa. Niliporudi nilimkemea vikali. Akajibu kwa upole:

"Babu, bibi akisema mboga imechacha, tunaimwaga. Nilishangaa, lakini wewe ndiye uliyesema zikichacha niwape."

Nikanyamaza. Kosa halikuwa lake. Mboga iliyolala ikachacha humwagwa. Togwa iliyochacha husifiwa. Bahari ikichafuka twasema imechacha, na kijana asiye na senti husema amechacha. Neno moja linabeba ladha, ghadhabu, uharibifu na ufukara, nami nililituma peke yake kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kuoza hakuna utata huo: methali yasema samaki mmoja akioza, wala haisemi akichacha. Na kwa hatari ile ya ukungu tunalo neno lililoungwa vizuri, sumukuvu. Kulichachua pumba lililoota ukungu hakulifanyi kuwa salama. Dawa yake ni kulifukia.

Nilimwomba radhi mbele ya bibi yake. Siku hizi yeye ndiye mkaguzi wa ndoo. Huinama, hunusa, kisha hutangaza: "Babu, zimechacha kitogwa." Zikiwa mbaya, husema zimechacha kimboga.

Vielezi hivyo sikumfundisha mimi, wala sijavipigia mstari mwekundu. Nawauliza ninyi malenga na wapenzi wa lugha: huko kwenu, uchachu unaolisha na uchachu unaodhuru mnautenga kwa maneno gani?